Dalili ya Kumi

Mimi, Lukresia, fundi cherehani wa Mjimwema, niliacha kusema na wifi yangu Theodosia Jumamosi moja ya Kwaresima, na niliacha kwa sababu ya karatasi. Wengine hukosana kwa mpaka wa shamba au kwa maneno ya msibani. Sisi tulikosanishwa na semina.

Semina yenyewe ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Akina mama wa parokia tuliitwa ukumbini, akaja mtaalamu kutoka Dar es Salaam, binti mdogo mwenye miwani mikubwa, akatufundisha habari za mahusiano yenye sumu. Alisema Mungu hakutuumba tuteswe, na kwamba wako watu wanaotunywesha sumu kila siku kwa kijiko nasi tunasema asante. Tukagawiwa karatasi yenye dalili kumi. Alizieleza moja moja, na alipomaliza ya tisa harufu ya pilau ikaingia ukumbini, akina mama wakaanza kugeuza shingo. Naye hakuwa mjinga. Akasema, "Ya kumi ndiyo kubwa kuliko zote, ila mtaisoma wenyewe nyumbani kwa utulivu." Tukapiga makofi, tukaenda kula.

Nilipofika nyumbani nilikaa kwenye cherehani, nikachukua chaki yangu ya kuchorea vitambaa, nikaanza kuweka alama za vema. Sikuhitaji kufikiri nimpime nani.

Dalili ya kwanza: anakukosoa mbele za watu. Theodosia aliwahi kusimama katikati ya sala ya jumuiya, nyumbani kwa mzee Polikarp, akasema ugali wangu unafaa kuzibia pancha. Nikaweka vema. Ya pili: anakufokea. Yule mwanamke hana sauti nyingine. Hata akisali rozari majirani hudhani kuna mwizi. Vema. Ya tatu: haombi msamaha. Miaka ishirini na minane tangu nilipoolewa na kaka yake, neno samahani sijalisikia kinywani mwake, labda alimwambia mbuzi aliyemkanyaga. Vema. Nikaendelea hivyo, na kati ya dalili tisa Theodosia akapata saba. Nadhani hata shuleni hakuwahi kupata alama nzuri vile.

Ya kumi sikuifikia. Siku hiyo nilikuwa natafuta karatasi ngumu ya kufuatishia kola, na ile ya semina ilikuwa ngumu safi. Nikachukua mkasi nikaikata chini ya dalili ya tisa, kipande cha chini nikakitumia kwa kola. Saba zilinitosha.

Kola hiyo ilikuwa ya gauni la mwanangu Pamela, la siku ya kumuaga kabla ya harusi.

Pamela ni mtoto wangu wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi kule Mpitimbi, ila amepanga chumba hapa hapa mjini. Baba yake, Joachim, alifariki mtoto akiwa kidato cha pili, nami nikamlea kwa cherehani. Alikuwa anakwenda kazini kwa pikipiki yake mwenyewe, kiangazi na masika, na kicheko chake ulikisikia kabla hajakata kona ya kwetu. Jumapili aliimba kwaya, sauti ya kwanza. Mwaka jana akachumbiwa na Calvin, kijana wa Namtumbo mwenye duka la pembejeo hapa mjini, na mimi nikampenda Calvin kuliko hata alivyopendwa na mchumba wake.

Ungempenda na wewe. Alinisalimia shikamoo akiinama mpaka nikaogopa atadondoka. Hakuwahi kupaza sauti. Alinibebea mchele kutoka garini kwa mikono yake. Pamela alipigiwa simu asubuhi, mchana na jioni, na katikati ya hapo akapigiwa tena. Calvin naye nilimpitisha kwenye ile karatasi, akapata sifuri. Hafoki, hakosoi mtu hadharani, na msamaha anaomba mpaka machozi yanamtoka. Nikajisemea, Lukresia, Mungu amekukumbuka.

Gauni Pamela alilichora mwenyewe nyuma ya daftari lake la maandalio ya masomo. Rangi ya chungwa, mikono mifupi, shingo wazi, sketi pana ya kuchezea. Kitambaa tulikinunua sokoni kwa Nasrin, yule mama wa Tunduru asiyekubali kupunguza bei hata umlilie. Kisha Calvin akaanza kuwa na maoni. Mikono irefushwe. Baadaye shingo ifungwe, iwekwe kola ya kusimama. Baadaye sketi ipunguzwe upana, maana inavuta macho ya watu. Mwisho rangi: chungwa ni ya watoto, gauni liwe kijivu. Kitambaa cha chungwa nikakikunja kabatini, nikakata kijivu. Kila badiliko Pamela alilileta kwa maneno yale yale: "Calvin anasema ingependeza zaidi." Mimi nikaona huyo ni kijana anayejali. Wanaume wangapi wanajua hata rangi za nguo za wake zao?

Kiuno cha mwanangu mwezi wa kwanza kilikuwa inchi thelathini na moja. Baada ya Pasaka nikapima ishirini na nane. "Harusi inakukondesha vizuri," nikamwambia, naye akatabasamu kidogo. Pikipiki alishaiacha, nimeifunika turubai uani, kwa kuwa Calvin alisema mchumba wake hawezi kupigwa na upepo wa barabarani. Akawa anampeleka na kumsubiri kwenye geti la shule. Kwaya nayo akaiacha. Nikasema anajiandaa na nyumba yake.

Mwanamke mzima, mkasi mkononi, nakata na kushona, na nilichopaswa kukiona sikukiona. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nguo ndiyo kazi yangu.

Sasa turudi kwa Theodosia. Nyumba yake iko nyuma ya yangu, katikati kuna ua wa michongoma unaofika kifuani. Siku ile ya semina nilisimama pale uani nikamwambia, "Wifi, nimegundua wewe ni sumu. Kuanzia leo mimi na wewe basi."

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala. "Sumu ya panya, au ile ya kuhifadhia mahindi?"

Asubuhi yake akaweka mahindi mabichi juu ya michongoma, kama anavyofanya kila msimu tangu niolewe. Nikiwa nimeshaapa kutosema naye, ikabidi nitafute njia. Nilikuwa na kuku mweusi anayependa kuchakura pale. "Kuku," nikasema kwa sauti, "mwambie aliyeleta mahindi kwamba nyumba hii haipokei vitu vyake." Mahindi niliyachukua, maana kuacha chakula kioze ni dhambi. Tangu siku hiyo kuku akapata kazi.

Lakini kulikuwa na tatizo. Kwetu, siku ya kumuaga bibi harusi, shangazi ndiye anayemshika mkono na kumtoa ndani. Bila shangazi binti hatoki, mkeshe hapo na keki yenu. Na Pamela ana shangazi mmoja tu, ndiye huyo niliyempa alama saba. Nikapanga kuazima shangazi mwingine, binamu wa marehemu mume wangu, mtu mpole asiye na meno mengi. Sikumwambia mtu.

Tangazo la kwanza la ndoa likasomwa kanisani, watu wakageuka kututazama, nikajinyoosha kwenye benchi. Jumamosi iliyofuata Pamela akaja kujaribu gauni. Nilikuwa nambana kola kwa pini, mdomo umejaa pini nyingine, mara simu yake ikalia. Aliruka. Pini niliyokuwa nayo ikamwingia begani mpaka kwenye kichwa cha pini, tone la damu likatokea kwenye kile kijivu. Hakusema hata ai. Alikuwa ameshapokea simu.

"Niko kwa mama," alisema haraka haraka. "Ndiyo, mama tu. Hapana, hakuna mwingine. Ngoja nikutumie picha." Akanipiga picha na pini zangu mdomoni.

Nikacheka, nikasema mapenzi ya siku hizi yana mambo. Lile tone nikaliosha kwa maji ya baridi na chumvi. Doa lilitoka, lakini wiki nzima nilikuwa nikishika pini namkumbuka mtoto asiyesikia maumivu, na sikujua kwa nini ninamkumbuka.

Tangazo la pili likasomwa. Siku ya Alhamisi Theodosia akasimama kwenye ua wa michongoma.

"Kuku!" akaita. "Muulize bibi yako, mara ya mwisho kumsikia Pamela akicheka ilikuwa lini?"

"Kuku," nikajibu nikiwa naanika nguo, "mwambie huyo mama kwamba bibi harusi hachekicheki ovyo."

"Kuku, mwambie bibi yako jana nimemwona mtoto dukani, nikamwita mara tatu. Kabla hajanijibu aliangalia kwanza kwenye gari la yule kijana, kama mtu anayeomba ruhusa."

"Kuku, mwambie kuna watu wana wivu kwa sababu wao hawakuletewa mchele."

Theodosia akasogea karibu na ua. Aliposema tena hakumsemesha kuku.

"Lukresia. Mimi umeshanikatalia mara ngapi? Nilitaka Joachim tumzike Mpitimbi kwa baba yetu, ukasema hapana, hapa hapa mjini. Nilitaka Pamela akae kwangu amalize shule, ukasema hapana. Nikapiga kelele, si nilipiga?"

Alipiga. Mtaa mzima ulisikia.

"Halafu nikafanya nini?"

Jibu nalijua. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, kisha akabeba mkeka wake akaja kulala sakafuni kwangu siku arobaini, tukagombania chumvi ya mboga kila jioni, na asubuhi alikuwa ameshanichotea maji. Marehemu akalala pale nilipotaka. Mtoto akabaki kwangu.

"Basi nikuulize," akasema. "Huyo kijana wako mtamu, kuna mtu aliyewahi kumwambia hapana?"

"Kuku," nikasema, "twende ndani." Kuku alibaki na Theodosia.

Ijumaa mchana, zikiwa zimebaki siku mbili lisomwe tangazo la tatu, Calvin akaja na Pamela. Nikawakaribisha chumba changu cha kushonea, nikamimina chai. Pamela alikaa ukingoni mwa kiti na kikombe chake mkononi.

"Mama," Calvin akaanza kwa ile sauti yake ya upole, "Pamela ameniambia habari za semina. Nimefurahi sana kwamba mama ameachana na Shangazi Theodosia. Watu wenye sumu ni wa kuwekwa mbali. Ila nimeona jina lake bado liko kwenye orodha ya wageni. Naomba tuliondoe. Na baada ya harusi ningependa Pamela asiwe anakuja huku Mjimwema sana, maana shangazi yuko hapo nyuma tu. Mama ukitaka kumwona utaniambia mimi, nitapanga."

Angalia moyo wa binadamu ulivyo. Miezi miwili nilikuwa nasema Theodosia ni sumu, lakini kulisikia neno hilo kwenye mdomo wa mtu mwingine kulinichoma. Theodosia ni wangu mimi kumtukana. Nimemlipia kwa miaka ishirini na minane.

"Hapana, baba," nikasema. "Shangazi yake ndiye atakayemtoa ndani. Hilo hapana."

Calvin hakufoka. Alitabasamu. Aliweka kikombe chini taratibu, na wala hakunitazama mimi. Alimtazama Pamela.

Na Pamela, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu aingie, akaanza: "Nisamehe, Calvin. Kosa langu, sikumweleza mama vizuri. Ningemweleza mapema. Nisamehe, nisamehe." Kikombe kikagonga kwenye kisahani chake, kikagonga tena, chai ikamwagika mapajani. Hakuifuta.

Mimi ndiye niliyesema hapana, na aliyetetemeka alikuwa mwanangu. Theodosia nimeshamrushia mwiko, akaurudisha. Amenitukana na nimemtukana, lakini katika miaka yote hiyo mkono wangu haujawahi kutetemeka kwa ajili yake.

"Twende, Pamela," Calvin akasema, akisimama. "Tutazungumza njiani."

Pamela akasimama. Nikanyakua tepu ya kupimia, nikamzungushia kiunoni.

"Haendi. Gauni halijaisha, lazima nimpime."

"Nitamsubiri kwenye gari, mama."

"Utasubiri sana, baba. Mafundi unatujua."

Alipotoka nilimkalisha mtoto kwenye stuli. Nikamuuliza kama amewahi kumpiga.

"Hapana, mama! Hajawahi hata kunyanyua mkono. Nikikataa kitu huwa hasemi nami. Siku tatu, siku nne. Halafu analia, anasema simpendi, kwamba mimi ndiye ninayemfanya ateseke. Halafu ninaomba msamaha."

"Msamaha wa nini?"

Akaanza kuifuta ile chai mapajani. "Sijui. Ninaomba tu."

Mikono yangu ikatafuta kazi. Nikalivuta lile gauni la kijivu na kuanza kuchomoa pini kwenye kola. Ile karatasi ya kufuatishia ilikuwa bado imebanwa pale. Ilipoachia ikapinduka, nikaona ina maandishi upande wa pili. Miwani yangu ilikuwa imefichwa na vyombo vya chai. Nikampa Pamela.

"Hebu soma, mwalimu."

Akasoma kwa sauti ya darasani, kidole kikifuata mstari: "Dalili ya kumi. Je, unaogopa kumwambia hapana? Mtu mgumu ukimkatalia atakasirika, lakini hapana yako itabaki hapana, na wewe utabaki wewe. Mtu anayekudhuru atakulipisha kila hapana, mpaka siku moja..." Hapo mkasi wangu ulikuwa umekata mviringo wa kola, na maneno mengine yalikwenda na takataka.

Hakuhitaji kuyamalizia. Kidole kilibaki pale pale kwenye ukingo wa karatasi. "Mama," akasema, "mimi mara ya mwisho kumwambia hapana hata siikumbuki." Akalia, na mimi nikalia, na nilikuwa nalia zaidi kwa aibu. Karatasi ilikuwa shingoni mwa mwanangu muda wote.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa kwa kishindo. Theodosia hakubisha hodi, alikuwa ameshasikia kila kitu kutoka uani kwake. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, nami sijawahi kufurahi kuliona zimwi langu kama siku hiyo.

"Shikamoo, shangazi," Pamela akasema huku akijifuta.

"Marahaba. Kamasi zinakutoka." Akampa ncha ya kanga yake.

"Shangazi, nilidhani ni msalaba wangu. Nimesali novena, siku tisa nzima, nipewe uvumilivu."

"Ungekuja jumuiyani wiki mbili zilizopita usingesema hivyo, ila na jumuiya umekatazwa," Theodosia akasema, akivuta stuli yangu nzuri na kuikalia yote. "Tulisoma habari za Bwana Yesu kwao Nazareti. Watu wa kwao walimkasirikia, wakampeleka mpaka kwenye ukingo wa kilima wamsukume. Alifanya nini? Aliwaambia sawa, nisukumeni, mimi ni mpole? Alipita katikati yao akashika njia yake! Msalaba aliubeba, ndiyo, kwa hiari yake na kwa ajili ya kutuokoa. Lakini si kila ukingo wa kilima ni msalaba, mwanangu. Wewe hapo unamwokoa nani? Yule kijana? Kila siku unamfundisha kwamba yeye ni Mungu. Hiyo nayo dhambi, tena unamkosea hata yeye."

"Kwa hiyo nisivumilie?"

"Vumilia! Nani kasema usivumilie? Utaolewa na mtu anayekoroma, vumilia. Mama mkwe mwenye mdomo, vumilia. Mimi namvumilia mama yako na ule ugali wake. Vikombe vikikaa kabati moja vitagongana. Lakini kikombe kinachotaka chenzake kipasuke, hicho kitoe kabatini."

Pamela akakunja ile karatasi mara mbili. "Matangazo yameshasomwa mara mbili. Watu wote wamesikia."

"Unadhani yanasomwa mara tatu kwa ajili ya urembo? Ni kwa ajili ya watu kama wewe. Twende kwa Padri."

Njia ya kwenda kwa Padri ilipita mbele ya gari la Calvin, na hilo sote tulilijua. Pamela alisimama mlangoni akitazama uani, na nikaona macho yake yametua kwenye turubai. Akaenda akalivuta. Pikipiki ilikuwa imelaliwa na kuku wangu. Alimwondoa yule kuku, akapiga kiki mara moja, mara mbili, mara ya nane ikawaka na moshi ukajaa ua mzima.

Tulipanda mshikaki, jambo ambalo polisi hawalipendi na mimi siwashauri. Pamela mbele, mimi katikati, na nyuma Theodosia ambaye mwili wake peke yake unatosha abiria wawili, akimwita Bikira Maria kwa sauti. Tulipofika getini Pamela akasimamisha pikipiki kwenye dirisha la gari.

"Calvin," akasema. "Harusi haipo. Hapana."

Calvin akatabasamu lile tabasamu. "Pamela, shuka. Tutazungumza."

"Hapana."

Mara ya pili ilitoka kubwa kuliko ya kwanza. Mama mmoja aliyekuwa anauza vitumbua ng'ambo akanyanyua kichwa.

"Amesema hapana, kijana!" Theodosia akapaza sauti nyuma ya sikio langu mpaka likaziba. "Au tumwite kuku akutafsirie?"

Tukaondoka. Kilomita nzima nilitarajia mwanangu alie, lakini alikuwa anaendesha tu, mgongo umenyooka.

Padri Aidan alitusikiliza bila kutukatiza, akamuuliza Pamela maswali mawili faraghani, kisha akafungua daftari lake na kufuta majina kwa mstari mmoja. Alisema yeye atazungumza na Calvin, maana huyo naye ni kondoo wake na anahitaji msaada, ila msaada huo si kupewa mke. Halafu akatugeukia sisi wawili.

"Na ninyi, Mama Theodosia na Mama Lukresia, mmeshapatana?"

"Hapana!" tukasema kwa pamoja. Padri akacheka mpaka akashika meza.

Jumapili tangazo la tatu halikusomwa, na kanisa lilinong'ona kama kanisa linavyojua kunong'ona. Aibu ilikuwepo. Nilitamani sakafu inimeze na kofia yangu. Wiki mbili Calvin alituma ujumbe wa kulia, wa kuomba, kisha wa kulaumu, na siku moja akaja getini. Mzee Polikarp na wanaume wa jumuiya walimpokea kwa heshima, wakampa maji ya kunywa, wakamsindikiza. Posa tuliirudisha yote, na ule mchele pia, nilinunua mwingine. Kumsamehe tumemsamehe, na namtaja kwenye sala zangu kila jioni. Ufunguo wa geti hatumpi.

Pamela hakurudi kuwa mwenyewe siku moja. Kuna siku simu ya mtu mwingine ikilia alishtuka. Lakini alirudi kwaya, akarudi kwenye pikipiki, akaanza kula. Wiki moja kabla ya Pentekoste akaja na daftari lake, akafungua ukurasa wa nyuma. "Mama, kile kitambaa cha chungwa kipo?"

Kilikuwepo. Nikamsimamisha mbele ya kioo, nikapima kiuno: thelathini kasoro robo. Nikaanza kubana bega, mikono mifupi, shingo wazi. Macho yangu yalikuwa na maji kidogo, nikakosea, pini ikamgusa. Ilimgusa tu.

"Ai! Mama! Unaniua!"

Alipiga kelele mpaka kuku akakimbia uani. Alijishika bega, akanitazama, akaniona nimebaki na pini hewani na mdomo wazi, na kikaanza, kile kicheko, chote, mpaka akakaa chini na gauni lisiloshonwa. Nami nikalia pale pale. Fundi hafurahi kumchoma mteja, lakini mimi nilimshukuru Mungu kwa ile ai kuliko kwa kitu chochote mwaka huo.

"Nini huko?" sauti ikaja kutoka kwenye michongoma. "Fundi gani wewe unachoma watu? Tangu nikujue hujawahi kubana bega likakaa sawa!"

Kuku hakuwepo wa kutumwa. Nikatoa kichwa dirishani.

"Wifi!" nikaita. "Acha kupiga kelele huko, njoo umshike mtoto nimalize!"

"Siji!" akajibu, na nikasikia ndala zake zinakuja.